Kamba Nyekundu Kwenye Nyasi

Wapangaji wa ploti moja huko Kimbo, Ruiru, walikuwa wamezoea: Sifuna hapiti kamba ya kuanikia nguo bila kuivuta. Anatoka bafuni na ndoo mkononi, anaifikia kamba, anaishika na kuivuta kwa nguvu, anatazama fundo kwenye msumari, ndipo anaendelea na safari yake. Akina mama walimcheka.

"Wee Sifuna," jirani mmoja alimwambia, "hiyo imebeba blanketi tu. Haijabeba mtu."

Naye alijibu bila hata kutabasamu kwamba blanketi lililolowa maji ni zito kuliko mtoto, na watoto wanacheza chini yake.

Hakuzaliwa hivyo. Alitoka Kimilili akiwa kijana, akafanya kazi kwenye kiwanda kule Thika, kisha akaingia kwenye kazi ya kupaka rangi wakati maghorofa ya Ruiru yalipoanza kuchipuka kila upande. Wenye majumba walitaka rangi iishe kabla wapangaji hawajaingia, na hakuna aliyeuliza mpaka rangi amening'inia kwa kitu gani. Ubao mmoja, kamba moja, basi. Siku moja kamba ya rafiki yake Odongo ilikatikia kwenye ukingo wa paa. Saruji kali ilikuwa imeisugua tangu asubuhi, polepole, bila mtu kuona. Odongo hakufa. Alivunjika mgongo, akarudishwa kwao, na mwenye jumba akapata mpaka rangi mwingine wiki hiyo hiyo. Mtu akianguka kutoka kwenye jengo la tajiri katika nchi hii, swali la kwanza huwa ni alikuwa amekunywa nini.

Baada ya hapo Sifuna aliacha ubao. Alijifunza kazi ya kamba upya, kwa watu wanaopanda minara ya simu, akafaulu, akapewa kadi, na akatoka kule na imani moja ambayo aliihubiri kuliko mhubiri yeyote wa Kimbo. Kamba ni mbili. Nyeupe inakubeba. Nyekundu haifanyi kazi yoyote mpaka siku nyeupe itakapokusaliti, na siku hiyo ndiyo inakudaka. Kila moja imefungwa mahali pake, ili moja iking'oka nyingine isijue. Na hakuna anayevuka ukingo kabla mwenzake hajamkagua kwa mikono, kuanzia kofia ya chuma hadi mikanda ya mapajani, kwa sauti, wote wakisikia.

Ndiyo maana Daktari Ngendo alimtafuta yeye.

Ngendo alikuwa mtoto wa Ruiru aliyekuwa akifundisha akiolojia chuo kikuu. Alikuwa amepata jabali. Lilikuwa ng'ambo ya Thika, kwenye shamba la Mzee Gachau, juu ya kijito kinachoteremka kuingia mto Chania. Katikati ya jabali, mahali ambapo hata mbuzi hafiki, palikuwa na kibaraza cha mwamba chenye paa la mwamba. Kila baada ya mvua kubwa, watu waliokuwa wakikata nyasi za ng'ombe chini waliokota vipande vya vyungu vilivyoanguka kutoka huko. Kuna waliowahi kuishi pale, au kujificha pale, na walipandaje hakuna aliyejua. Lakini kila mvua ilimega ukingo wa kibaraza kidogo, na kila kilichomegeka kilikuwa ukurasa uliochanwa wa watu ambao hawakuacha maandishi mengine. Mvua nyingine zilikuwa njiani. Daktari alitaka kufika kabla hazijanyesha.

"Mimi nitachimba," alimwambia Sifuna siku ya kwanza. "Wewe uhakikishe hakuna anayekufa."

"Hakuna atakayekufa," Sifuna alisema. "Lakini nitawakasirisha."

Na aliwakasirisha. Aliwafundisha kwanza kwenye mkaratusi uani kwa Mzee Gachau, Daktari mwenyewe akining'inia pale huku kuku wakimshangaa. Aliwatobolea mashimo ya vyuma vya kufungia kamba nyuma kabisa ya ukingo, kwenye mwamba mzima, mbali na udongo wowote uliokuwa na kitu. Mahali kamba zilipopinda kwenye ukingo aliweka vipande vya mpira wa maji wa zamani wa wazimamoto, ili mwamba usugue mpira wala si kamba. Aliwaonya wasipige ukuta kwa miguu. Washuke kama mtu anayepita chumba alimolala mtoto, maana hata kokoto moja ingeweza kuvunja kitu kilichosubiri karne nyingi. Ndoo za udongo zilikuwa na kamba yao. Zikipanda, hakuna kusimama chini. Na sheria kubwa aliitangaza siku hiyo ya kwanza, akitembeza kidole kutoka uso mmoja hadi mwingine: atakayevuka ukingo kwa kamba moja, atoke kwenye timu. Hakuna onyo.

Wa kwanza kuivunja alikuwa Njau.

Njau alikuwa fundi wa kamba kama yeye, mzaliwa wa Gitothua, baba wa mtoto mmoja, mtu wa mizaha na mikono mizuri. Sifuna ndiye aliyemleta. Asubuhi moja alikuwa ameshuka hatua chache tu chini ya ukingo wakati Sifuna alipotazama na kuona kamba nyekundu imelala juu, haina mtu. Alimpandisha. Hakumngoja avue hata kofia.

"Toa mkanda."

"Fundi, ngoja nikuambie. Nilikuwa nimetoka ku..."

"Sikuuliza hadithi. Toa mkanda, uende nyumbani."

"Si umsikize kwanza," alisema Auma, mama aliyekuwa akichekecha udongo kwenye chekecheo hapo kando.

"Mwamba hautamsikiza."

Sifuna alisema hayo kwa sauti ya kusikika hadi kwenye migomba ya jirani. Akasema pia kwamba mtu asiyejali uhai wake hawezi kuaminiwa na vitu vya wafu. Hilo la mwisho halikuwa na maana yoyote, lilikuja tu kwa sababu wanafunzi wa Daktari walikuwa wakimtazama kwa heshima, na heshima ni kitu kitamu. Njau alifungua mkanda, akaukunja vizuri kama alivyofundishwa, akauweka chini. Alipita shamba lote akiwa peke yake, na Sifuna hakumtazama akienda. Jioni alimweleza mkewe Naliaka, akasema: "Nimeokoa maisha ya mtu leo." Alilala usingizi mzuri.

Kazi ilisonga. Walifika kwenye tabaka la majivu, majivu ya moto uliowashwa na mtu kupikia, na Daktari alitembea siku hiyo kama mtu aliyepokea mgeni. Mzee Gachau alikuja kila asubuhi na chupa ya chai chini ya kwapa. Alikuwa mzee wa kanisa aliyestaafu, mfupi, mwenye koti la kijivu na maswali mengi. Hakuwa na hakika kama waliokaa pale juu walikuwa wa kwao au wengine waliotangulia.

"Kama ni wa kwetu, waombewe," alisema. "Na kama si wa kwetu, waombewe zaidi, maana hawana mtu."

Asubuhi waliyopanga kuyafungua yale majivu alikuja na kusema kwamba leo hawawezi kuanza hivi hivi, kama watu wanaokwenda kuiba. Lazima waombe. Sifuna alikuwa tayari ameketi ukingoni, miguu ikielekea bondeni. Daktari alikuwa amekwisha kumkagua: mkanda, kofia, nyeupe, nyekundu, yote yamefungwa.

"Hata Sifuna aje," Mzee Gachau alisema. "Siwezi kumwombea mtu aliyenipa kisogo."

Kila mtu alicheka, na Sifuna pia. Angefanya nini? Mzee ndiye mwenye shamba, na Sifuna mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, kila Jumapili kwaya. Alijivuta nyuma kutoka ukingoni, akafungua nyeupe, akafungua nyekundu, akaenda kwenye duara. Alivua kofia ya chuma akaibana kwapani, kama wanaume wote wanavyovua kofia mtu akisema tuombe. Akamshika Auma mkono wa kulia na mwanafunzi mmoja mkono wa kushoto. Mzee aliomba kwa Kikuyu, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni, akawataja waliokaa kwenye mwamba, akaiomba mvua isubiri, akamtaja kila mtu kwa jina. Alipofika kwa Sifuna alisema: "Na huyu mlinzi wetu, asiyesinzia." Sifuna aliisikia ile sifa ikimshuka kifuani kama uji wa moto.

"Amina," walisema wote, na ile amina ilikuwa na utulivu wa kitu kilichokamilika.

Sifuna alivaa kofia. Alirudi ukingoni, akapitisha kamba nyeupe kwenye chuma chake cha kushukia, akaipa uzito, akavuka.

Alikuwa ameshuka hadi usawa ambapo nyasi hazionekani tena, ukuta ukiwa mbele ya pua yake, alipomsikia Mzee Gachau huko juu akiuliza, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu cha watu akitaka kukitunza:

"Na hii nyekundu ni ya nani?"

 Kisha kichwa cha Daktari kilitokea ukingoni. Hakupiga kelele. Huyo alikuwa mwanamke asiyepiga kelele.

"Sifuna. Simama hapo hapo."

"Nimesimama."

"Umefungwa kwa kamba gani?"

Alicheka kidogo. Alidhani ni mzaha. Mkono wake wa kushoto ulinyanyuka kwenda kifuani mahali ambapo nyekundu hukaa, mahali ambapo umekwenda kila siku ya kazi yake, na ukashika hewa.

 Kuanguka hakukumjia akilini. Nyeupe ilikuwa nzima na ilimbeba vizuri kama siku zote. Alimwona Njau. Alimwona akikunja mkanda na kuuweka chini. Aliteremshiwa mwisho wa kamba nyekundu, ukashuka mbele ya uso wake ukiyumba, na ilimbidi aukamate akiwa anatazamwa na vichwa vyote vilivyopangana juu, na karabina, ile pete ya chuma ya kufungia, iligonga chuma mara kadhaa kabla ya kufunga. Kila mgongano ulisikika.

Alipanda. Alipotokea juu, kila mtu alikuwa anatazama nyasi. Wanafunzi walitazama viatu vyao. Mzee Gachau alikuwa bado ameishika ile chupa ya chai kwa mikono miwili. Auma peke yake ndiye aliyemtazama usoni.

"Fundi," alisema taratibu, akichekecha, "kwa Njau ulisema nini vile?"

Sifuna alivua kofia ya chuma, akaivaa tena.

"Basi," Daktari Ngendo alisema. "Imetokea, tumeiona, imeisha. Mvua haitungoji. Sina fundi mwingine wa kusimamia kamba. Sifuna, nikukague upya, tuendelee."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Angeweza kufungua mkanda, akaukunja, akauweka chini. Sheria ilikuwa yake, maneno yalikuwa yake, na mahali ni pale pale. Wote walikuwa wanasubiri kuona.

"Sawa, Daktari," alisema.

Akanyanyua mikono akaguliwe. Alifanya kazi siku nzima. Nchi hii ina sheria nyingi zinazoanza kwa wadogo na kuishia hapo hapo, na Sifuna, aliyekuwa amelaani jambo hilo kila alipomkumbuka Odongo na tajiri wake, aliongeza moja yake kwenye hesabu hiyo, kisha akashuka na kwenda kuchota majivu.

Jioni alifika Kimbo, akaingia uani, akapita kamba ya nguo. Naliaka alikuwa ameketi mlangoni akichambua sukuma wiki. Alimwangalia akipita.

"Baba Mitchell. Kamba haina makosa leo?"

"Kamba gani?"

"Hiyo. Hujaivuta."

Alikaa kwenye kigoda kando yake. Alimweleza polepole, huku akichezea shina la mboga, na alipofika kwenye maombi alirefusha sana, akaeleza koti la mzee na kofia kwapani, kama mtu anayetumaini hadithi itaishia huko. Naliaka alimwacha. Alipomaliza, mkewe aliendelea kuchambua.

"Ungekufa."

"Nyeupe ilikuwa nzima."

"Hata ya Odongo asubuhi ilikuwa nzima." Alitupa shina. "Na Njau je?"

"Njau amefanya nini?"

"Nimekuuliza."

"Sijazungumza na Njau."

"Mama yake huwa namwona sokoni. Magdalene. Wiki iliyopita alinisalimia vizuri, akauliza hali yako. Sikujua niangalie wapi, na mimi sikuwa nimefanya kitu." Alisimama na sufuria. "Wewe kesho utapita Gitothua kwanza. Ukienda jabalini bila kupita huko, basi usibebe chakula changu."

Asubuhi alimkuta Njau mbele ya kibanda cha kuchomelea mageti, miwani myeusi kwenye paji la uso, mama yake akiuza uji kando ya barabara karibu hapo. Magdalene alimwona Sifuna kwanza. Alijibu salamu yake kwa adabu zote, akampa kiti, na akaendelea kukoroga uji. Sifuna angependelea atukanwe.

"Niaje, fundi," Njau alisema. "Umekuja kuona kama nimekonda?"

"Nimekuja kukuambia kitu."

"Sema. Hapa hakuna mwamba, tunasikiza."

Alimwambia. Safari hii hakurefusha mahali popote. Njau alisikiliza akiwa ameshika kipande cha chuma, na polepole uso wake ulianza kufunguka, mpaka akacheka, akacheka kweli kweli, akakaa chini kwenye mawe, akapiga goti.

"Maombi! Ati mlinzi asiyesinzia. Wooi, guka Gachau huyo. Na sasa uko wapi? Wamekufukuzia wapi? Ama umekuja tuchomelee mageti pamoja?"

"Sikufukuzwa."

Kicheko kilikatika.

"Haukufukuzwa."

"Daktari alisema tuendelee."

"Na wewe ukasema?"

Magdalene alikuwa ameacha kukoroga.

"Nikasema sawa," alisema Sifuna.

Njau alikiweka chini kile kipande cha chuma. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na mzaha.

"Unajua mimi kilichotokea? Nilikuwa nimeketi pale ukingoni, nimefungwa zote mbili. Guka, mzee sawa na babu yangu, akaja nyuma, akanyoosha mkono anisalimie. Mimi ni wa hapa, fundi. Guka aninyooshee mkono, nimpe wangu nikiwa nimeketi, miguu iko hewani? Mama angesikia kabla sijafika stejini kupanda matatu. Nikajifungua, nikasimama, nikamsalimia vizuri, nikamuuliza habari za ng'ombe. Nikarudi. Nikafunga nyeupe."

"Mbona hukusema?"

"Nilianza. Ulisema haukuuliza hadithi."

Sifuna alikumbuka. Alikumbuka hata mahali sentensi ya Njau ilipokatwa, nilikuwa nimetoka ku. Aliona kwamba kama angeimalizia ile sentensi, angejua ya kwamba hatari ya jabali lile haikuwa uzembe. Ilikuwa adabu. Watu walifunguliwa kamba na salamu za wazee, na maombi, na heshima, mambo mazuri yaliyokuja kuwatafuta ukingoni kabisa, na yeye msimamizi hakuyaona, kwa sababu mtu wa kwanza kuyajua alikuwa amemnyamazisha. Sheria yake ilimwadhibu aliyekosea. Haikuuliza kosa lilipita mlango gani. Basi likarudi kwa mlango ule ule, likamchukua yeye.  Alitamani Magdalene aangalie pengine.

"Nisamehe," alisema.

"Hapa kwa mageti? Hapa hakuna aliyenisikia nikitukanwa." Njau alisimama, akavua glavu. "Twende ukaseme kule."

 Walipofika jabalini, timu ilikuwa inafungua maturubai. Njau alisimama kando ya chekecheo la Auma, mikono mfukoni, kama mtu aliyekuja kutazama mpira. Sifuna alisimama mahali alipokuwa amesimama siku ile. Alikuwa amepanga maneno njia nzima na yote yalimtoroka.

"Njau nilimfukuza hapa," alisema. "Nikamwambia maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa. Sikumsikiliza. Jana nimefanya kosa lake, na nikakubali kusamehewa kwa kitu ambacho yeye sikumsamehe. Nilisema hakuna onyo." Alifungua mkanda. Ulikwama kwenye paja la kushoto, ikambidi ainame avutane nao, wote wakitazama. "Nimempigia Mutisya wa Machakos, yule tuliyejifunza naye. Anafika mchana. Ana kadi kama yangu."

"Sifuna," Daktari Ngendo alisema, "nilikwambia imeisha. Mimi ndiye ninayeongoza kazi hii."

"Ndiyo, Daktari. Ulitoa ruhusa. Lakini mimi ndiye niliyeipokea."

Daktari alitazama mawingu upande wa Aberdare, akamtazama Njau, na kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba naye alikuwa na lake la kujibu. Siku ile ya Njau alikuwa hapo hapo, na hakusema neno.

Ni Njau aliyesema.

"Sasa huyu akienda, ndoo zitavutwa na nani? Hawa?" Aliwaelekezea wanafunzi kidevu. "Mikono laini hivi. Abaki avute ndoo."

Auma aliangua kicheko, kisha wengine, na Sifuna alisimama katikati ya kicheko hicho akiwa ameushika mkanda wake mkononi, akajua kwamba kuondoka kungekuwa rahisi zaidi. Angeondoka akiwa shujaa wa sheria yake. Kubaki ilikuwa ni kubaki akionekana.

Akabaki, na Njau akarudishiwa mkanda wake. Mutisya alikuja, mtu mnene, mpole, asiyehubiri, akasimamia kamba. Njau alimweleza habari ya salamu, na jioni hiyo hiyo Mutisya alimwaga mstari wa chokaa kwenye nyasi, mbali kidogo na ukingo. Salamu, chai na maombi vinaishia kwenye chokaa. Anayerudi nyuma ya mstari kwa sababu yoyote, hata kama ameitwa na mwenye shamba, anahesabiwa hajakaguliwa. Anaanza upya, kofia hadi mapaja. Mzee Gachau aliitwa na kuelezwa, akakubali kwa huzuni, na kesho yake akasimama kwenye mstari wake akiwapungia mkono watu wa ukingoni kama mtu anayeaga garimoshi.

Sifuna alivuta ndoo. Udongo wa kale ni mzito. Alivuta mahali ambapo zamani alisimama akitoa amri, na wanafunzi waliokuwa wakimwita fundi hawakujua wamwite nani, kwa hiyo hawakumwita. Alimpa Auma ndoo, Auma akachekecha, na mara nyingine alimwambia, "Asante, mlinzi." Haikuisha makali. Mzee Gachau alimfuata siku moja na kikombe.

"Ni maombi yangu yaliyokuponza."

"Hapana, Mzee. Maombi hayafungui karabina. Ni huu mkono."

Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kuanguka jioni jioni walipokifikia chungu. Hakikuwa kipande, kilikuwa chungu kizima, kimekaa kwenye majivu, mdomo juu, kana kwamba mwenyewe alikuwa ametoka kidogo. Kukipandisha kulitaka watu wawili kwenye kibaraza, Daktari na mwenye mikono ya kutulia. Mutisya alizungusha macho yake, akasimama kwa Sifuna.

"Vaa mkanda."

"Sijarudishwa."

"Nani anakurudisha? Nimesema uvae. Njau atakukagua."

Alivaa. Walisimama upande wa ukingoni wa chokaa, na Sifuna akanyanyua mikono juu kama mtu anayepekuliwa na polisi. Wengine waliacha walichokuwa wakifanya. Njau hakuharakisha. Alitikisa kofia. Alipitisha vidole chini ya kila mkanda.

"Nyeupe?"

"Imefungwa."

"Nyekundu?"

"Imefungwa."

Njau hakuridhika na jibu. Aliishika kamba nyekundu karibu na kifua cha Sifuna, akaivuta mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kamba ya kuanikia nguo, hata Sifuna akayumba hatua mbele na kumkanyaga mguu. Mtu alicheka nyuma yao. Damu ilimpanda Sifuna usoni, mbele ya wote, naye hakushusha mikono.

"Imefungwa," Njau alisema. "Shuka pole pole."

Alivuka ukingo. Alipofika mahali nyasi hazionekani tena aliinua macho. Kichwa cha Njau kilikuwa pale juu, kimechomoza dhidi ya mawingu, na kilikuwa hakimtazami yeye. Kilikuwa kinatazama kamba nyekundu. Sifuna alipeleka mkono wa kushoto kifuani, akaigusa, akaendelea kushuka kuelekea kwenye chungu.